Pikipiki Iliyojua Upande Mmoja

Jumatano ya kwanza ya Julai 2024, saa tatu asubuhi, pikipiki ya Andongwisye Swila ilitolewa stoo huko Chapwa, Tunduma. Ilikuwa imefungiwa humo tangu mwaka 2006. Walioitoa ni binti yake, Erica, na mama yake Erica, Nesta. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda Vwawa. Walivunja kufuli kwa jembe.

Andongwisye alitoka nyumbani asubuhi moja ya kiangazi akiwa juu ya pikipiki hiyo, Erica akiwa darasa la pili. Hakurudi. Pikipiki ilirudi. Nesta aliikuta mchana wa siku hiyohiyo imesimama uani, injini inanguruma, juu yake hakuna mtu. Aliyeizima ni Asajile, mdogo wake Andongwisye. Kesho yake Asajile aliwaambia ndugu kwamba kaka yake amevuka mpaka, ana mke mwingine Nakonde, na pikipiki amempa mtu airudishe. Alimwona kwa macho yake, alisema. Kaka yake alikuwa amevaa suti ya bluu.

Tangu hapo Nesta hakuwa mke wala mjane. Msiba haukuwekwa kwa sababu hapakuwa na maiti, na kwao vitu vya mtu havigawanywi kabla matanga hayajaanuliwa. Kwa hiyo nyumba, shamba na pikipiki vilikaa mikononi mwa Asajile, kwa kulinda tu, mwaka baada ya mwaka. Mwezi wa sita mwaka huu wa 2024 alimwambia Nesta atafute pa kwenda.

Erica hakuwa anagombea nyumba. Alitaka kujua baba yake yuko wapi. Kama yu hai, amtazame usoni na kumuuliza kwa nini aliwaacha. Kama amekufa, apewe kaburi. Mpango wake ulikuwa kuvuka Nakonde na pikipiki ile ikiunguruma. Watu husahau sura, alimwambia mama yake, lakini pikipiki nyekundu iliyochorwa samaki kwenye tangi, yenye sauti kama ya mashine ya kusaga, wapo watakaoikumbuka.

"Asajile akirudi je?" Nesta aliuliza.

"Atatukuta tumeshaondoka."

Waliisukuma mpaka kwa Kefa.

Karakana ya Kefa iko kando ya barabara, karibu na foleni ya malori. Kefa ni mtu wa maneno mengi na mikono ya taratibu. Aliizunguka pikipiki, akapuliza vumbi kwenye tangi.

"Dada Erica, hii umeitoa stoo au umeifukua?"

Mwendesha bodaboda aitwaye Clever, ambaye hukaa hapo akisubiri abiria, alicheka. "Likiwaka hilo, fundi, nakubeba mgongoni mpaka Mpemba."

"Anza kunyoosha mgongo."

Ilikuwa pikipiki ya zile za zamani, ambazo oili huchanganywa na petroli kwenye tangi moja. Petroli iliyobaki ndani ilikuwa imegeuka utomvu wa kahawia. Kefa aliimwaga. Alifungua kabureta, akazibua vitundu vyake kwa uzi wa waya wa breki, akapuliza kila kimoja na kukichungulia juani. Platini, zinazoipangia plagi wakati wa kutoa cheche, zilikuwa na kutu, alizipiga msasa. Aliweka plagi mpya. Alitikisa petroli na oili kwenye chupa ya soda, akamimina, akapiga kiki.

Iliwaka. Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazima.

Alipiga tena. Vilevile. Kila alipoongeza mafuta ilizidi kukosa nguvu, kama mtu aliyewekewa mto usoni.

"Inakula lakini haitoi," Kefa alisema. Aliweka kiganja nyuma ya ekzosi huku Clever akipiga kiki. Hewa ilitoka kidogo sana. "Imezibwa. Si vibaya. Mafundi wa zamani walikuwa wakiilaza pikipiki muda mrefu wanaziba ekzosi kwa tambara, nyigu wasijenge humo. Aliyeilaza hii alijua kazi."

Kosa lake lilikuwa hapo. Tambara la kuzuia nyigu huwekwa mdomoni, mahali pa kulishika kwa vidole. Hili lilikuwa limesukumwa mpaka ndani kabisa. Kefa aliliona hilo, na hakuuliza. Alikunja waya, akaingiza, akavuta.

Kilichotoka kilikuwa mkono wa shati la kaki, umekatwa begani. Katikati ulikuwa na fundo. Ndani ya fundo kulikuwa na nywele.

Clever aliacha kucheka.

Nesta aliuokota. Aligeuza sehemu ya kifundo cha mkono. Kitufe kilishonwa kwa uzi mwekundu.

"Nilimshonea mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Asubuhi ile. Uzi mweupe ulikuwa umeniishia."

"Baba mdogo alisema suti ya bluu," Erica alisema.

Nesta aliukunja mkono wa shati, akauweka ndani ya kanga, kifuani.

Kefa alipiga kiki mara nyingine. Sasa injini iliwaka kwa nguvu, sauti ile ya mashine ya kusaga ikajaa barabarani. Dereva mmoja wa lori alitoa kichwa dirishani kutazama. Kefa alipanda, akabana klachi, akaweka gia, akaachia taratibu.

Pikipiki ilirudi nyuma.

Alikanyaga breki. Akacheka, si sana. "Hizi za kuchanganya oili huwa zinafanya hivi. Platini zikikosea kidogo, injini inazunguka kinyume. Inaendesha vizuri tu, ila kinyume. Nimewahi kuona mbili."

Alizima, akarekebisha platini, akawasha. Gia. Ilirudi nyuma tena.

Alirekebisha tena, polepole zaidi, akihesabu moyoni. Ikarudi nyuma.

"Igeuze," Nesta alisema.

"Mama, kuigeuza hakusaidii. Tatizo liko ndani."

"Igeuze, mwanangu. Itazame kule."

Waliigeuza, mgongo kwa barabara, uso kwa kilima cha juu ya Chapwa. Kefa aliwasha, akaweka gia.

Ilikwenda mbele.

Hakugusa platini. Hakugusa kitu. Aliigeuza itazame barabara, ikarudi nyuma. Aliigeuza itazame kilima, ikaenda mbele. Vyovyote alivyoiweka, ilikwenda upande mmoja. Kule juu hakuna nyumba. Kuna mashimo ya moramu, yaliyochimbwa zamani wakati wa kujenga barabara na kuachwa.

Kefa alizima swichi. Injini haikuzima.

"Sili za krenki zimekauka," alisema haraka. "Inavuta hewa pembeni, ndiyo maana haizimi. Hilo nalo lipo." Alifunga bomba la mafuta. Injini iliendelea. Aliziba kabureta kwa kiganja. Iliendelea. Mwishowe alichomoa waya wa plagi kwa kipande cha mpira, na kimya kikarudi. Aliifungua plagi kwa spana, ikiwa bado ya moto, akaipoza kwa maji na kumpa Erica.

"Shika hii. Bila hii haiendi popote. Mimi leo nimemaliza."

Ndipo Asajile aliposhuka kwenye bajaji, upande wa pili wa barabara. Alikuwa amevaa shati la kijani lenye mistari. Mtu alikuwa amempigia simu. Alivuka bila kutazama malori.

"Nani amewaruhusu kuvunja nyumba yangu?"

"Shikamoo, baba mdogo," Erica alisema.

"Shikamoo yako peleka kwa waliokufundisha wizi." Alimgeukia Nesta. "Nimekulisha wewe. Nimekuvumilia na huyu mtoto wako mwenye kiburi. Leo hii mnanivunjia mlango?"

"Baba yuko wapi?"

"Nakonde! Nimewaambia mara ngapi? Ana mke, ana watoto wenye akili kukushinda!"

Nesta alitoa mkono wa shati kifuani. Aliushika tu, ukining'inia.

Asajile aliutazama. Kisha alitazama ekzosi. Kefa alisema baadaye kwamba mtu yule hakushtuka kwa kuona nguo. Alishtuka kwa kuona mahali ilipotoka.

"Mmeutoa," alisema. Sasa alikuwa ananong'ona. "Nani ameutoa?"

Aliwatazama mmoja mmoja.

"Rudisheni. Rudisheni humo sasa hivi, mbwa nyie!"

Alimpokonya Nesta. Akapiga magoti nyuma ya pikipiki, akausukuma mkono wa shati ndani ya ekzosi kwa kidole. Ulitoka. Akausukuma tena. Ulitoka tena, kama unaotemwa. Aliutupa chini, akashika usukani, akaigeuza pikipiki itazame barabara na nyumbani. Alipanda ili aisukume kwa miguu.

"Mzee, iache," Kefa alisema.

"Nyamaza wewe! Hii ni mali ya ukoo."

Injini iliwaka.

Hakuna aliyepiga kiki. Tundu la plagi lilikuwa wazi. Kila mtu aliliona. Erica alifumba kiganja. Plagi ilikuwa humo.

Pikipiki ilianza kurudi nyuma. Polepole kwanza. Asajile aliweka miguu chini. Viatu viliburuta vumbi. Alikanyaga breki. Haikushika. Ilipita kati ya mabanda, ikaingia njia ya kilimani. Kinyumenyume. Uso wake ulikuwa umewaelekea muda wote.

"Ruka!" Clever alipiga kelele. "Mzee, achia, ruka!"

Hakuachia. Au hakuweza. Vidole vyake vilikuwa vimekaza kwenye usukani, na alikuwa anavitazama. Mdomo ulikuwa wazi. Sauti waliyosikia ilikuwa ya injini tu.

Mkononi mwa Erica plagi ilipata moto. Alitaka kuitupa. Hakuitupa. Ilimuunguza ngozi, akaendelea kuishika, mpaka uso ule ulipopotea juu ya kilima.

Clever alimpakia Erica kwenye bodaboda yake wakafuata. Jua lilikuwa la saa nane. Njia ilikuwa na alama ya tairi moja nyembamba, na kando yake mifereji miwili ya visigino. Mifereji ilifika kwenye ukingo wa shimo la moramu. Ikaishia hapo.

Pikipiki ilikuwa chini, ndani ya shimo, imesimama juu ya stendi yake. Kimya. Tairi la nyuma lilikuwa limechimba udongo mwekundu. Asajile hakuwapo. Shimo lile lina njia moja tu ya kutokea, nayo ilikuwa mbele yao.

"Mzee Asajile!" Clever aliita.

Erica alishuka shimoni. Alipiga magoti nyuma ya tairi, akafukua kwa mkono ulioungua. Kwanza alipata kitambaa cha kaki.

"Usiendelee, dada," Clever alinong'ona. "Tuite watu."

Polisi walichimba siku iliyofuata. Mabaki yalikuwa ya mwanamume mmoja. Shati lake lilikuwa na mkono mmoja.

Andongwisye Swila alizikwa Chapwa tarehe kumi na tano Julai, na matanga yakaanuliwa kama inavyotakiwa. Nesta sasa ni mjane, na yuko nyumbani kwake. Kwenye kiganja cha kulia cha Erica kuna kovu la duara. Asajile alitafutwa mashimoni na vichakani, hakupatikana. Mtaani wanasema amevuka, yuko Nakonde. Wapo wanaosema wamemwona.

Mwezi wa tisa polisi walimruhusu Erica kuichukua pikipiki, iliyokuwa imefungwa kwa mnyororo uani mwa kituo. Alikwenda na Kefa. Kefa alirudisha plagi ileile, akaweka mafuta mapya, akapiga kiki mbele ya askari wa zamu. Iliwaka. Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazima.

Alipiga tena. Vilevile.

Kefa aliweka kiganja nyuma ya ekzosi. Kisha alimtazama Erica, na safari hii aliuliza.

"Nivute?"

"Vuta."

Alikunja waya, akaingiza, akavuta. Ulitoka mkono wa shati la kijani lenye mistari, umekatwa begani, una fundo katikati. Kitufe cha kwenye kifundo cha mkono kilikuwa bado kimefungwa.