Nafasi ya Mwitikiaji

Kwenye rekodi ya kwanza aliyoifanya Mwalimu Rosalia kulikuwa na pumzi moja iliyozidi.

Aliisikia baada ya mstari wa kwanza, pale alipokuwa amenyamaza kwa makusudi. Mtu alivuta pumzi, kama mwimbaji anayejiandaa kuingia, kisha hakuingia. Mwalimu akairudisha rekodi nyuma, akasikiliza tena, akajiambia kwamba pumzi ile ni yake. Nani mwingine angekuwa kwenye stoo ya nyumba yake, huku Mitwero, saa saba mchana, mlango umefungwa?

Alikuwa na miaka sitini na moja na alishastaafu ualimu. Mumewe alikuwa marehemu wa siku nyingi. Binti yake wa pekee, Consolata, alifanya kazi Dodoma na alipiga simu kila alipopata nafasi, na nafasi hazikuwa nyingi. Mdogo wake, Anjelina, alikuwa Mtama akiuza ufuta na karanga. Nyumbani walibaki yeye, kuku watatu, na madaftari manne ya nyimbo alizozitunga tangu usichana. Kwaya ya parokia iliwahi kuimba mbili tatu, kisha akaja kiongozi mpya mwenye nyimbo zake. Mwalimu hakumlaumu. Lakini alipokuwa akifunika daftari jioni alikuwa akiwaza kwamba siku akizikwa, nyimbo zile zitafungiwa vitumbua.

Ndiyo maana alikuwa amekwenda mjini Lindi, dukani kwa Imran, kijana aliyerithi duka la redio la baba yake na sasa aliuza simu na vifaa vya muziki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nataka vyombo vya kurekodi. Nimeandikiwa hapa."

Imran alisoma karatasi aliyopewa mwalimu na kijana mmoja mwenye studio. Mixer, spika mbili, maiki kubwa ya sandukuni, kompyuta. Akaikunja akamrudishia.

"Aliyekuandikia anataka ufungue studio. Wewe mwenyewe unataka nini?"

"Niimbe, nijisikie, nimtumie mwanangu."

"Basi hivi vitakusumbua bure. Mixer hii ina vitufe arobaini, utatumia viwili." Akaingia nyuma ya kaunta, akatoka na maiki nyeusi isiyozidi urefu wa kiganja. "Hii unaichomeka kwenye simu yako, basi. Haitaki betri wala mashine nyingine. Na hedifoni hizi za waya, zifunike masikio. Zile zisizo na waya ni nzuri kwa kusikilizia, lakini zinachelewesha sauti, utaimba utapotea njia. Stendi ndogo ya mezani. Programu ya kurekodi ni ya bure, nakuwekea mimi."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Hela iliyobaki kaa nayo. Chumba ndicho muhimu kuliko maiki. Tafuta kidogo, kisicho na dirisha, tundika mablanketi na vitenge ukutani ili sauti isigonge ikarudi."

Akamfundisha kubonyeza hapa na kusimamisha pale. Mwalimu akauliza kuhusu viitikio, maana nyimbo zake zote alizitunga za mtu kuita na wenzake kuitika.

"Rahisi," Imran akasema. "Unaimba sauti ya kwanza, ukifika kwenye kiitikio unanyamaza, unaacha nafasi. Ukimaliza unarudi mwanzo, unajisikiliza kwenye hedifoni, unajiitikia."

"Nijiitikie mwenyewe?"

"Wewe mwenyewe, mwalimu. Kwaya nzima ni wewe."

Alicheka dukani, lakini kwenye bajaji akirudi nyumbani hakucheka tena.

Stoo ilikuwa chumba cha mahindi na majembe, kati ya jiko na chumba cha kulala. Aliisafisha siku mbili, akatundika mablanketi, akaweka meza na kiti. Alichagua saa saba mchana kwa sababu saa hiyo jua la Mitwero huwanyamazisha watu wote, hata kuku hulala chini ya karo. Akaanza na wimbo wa mama anayewaita watoto wake. *Nani yupo uani?* mama anauliza, na watoto wanaitika, *Nipo, mama, nipo.* Aliimba mstari wake, akanyamaza akihesabu moyoni, akaimba mwingine, akanyamaza. Hapo ndipo ilipoingia ile pumzi.

Siku ya pili aliibana pumzi yake kila aliponyamaza. Ile nyingine ilikuwepo.

Siku ya tatu iliitika.

*Nipo, mama, nipo.* Sauti ilikuwa chini kidogo ya yake, si ya mwanamume wala ya mwanamke, tulivu kabisa, ikakaa palepale kiitikio kinapotakiwa kukaa. Mwalimu alizivua hedifoni akazitupa mezani. Wimbo ule hakuwahi kumwimbia mtu yeyote. Ulikuwa daftarini tu, kwa mwandiko wake.

Kesho yake akarudi kwa Imran na ile maiki ndani ya mfuko. Imran akasikiliza, akasikiliza tena, kisha akamwonyesha mwalimu kioo cha simu, ambapo sauti huonekana kama vilima.

"Hiki kilima ni wewe. Hiki pia wewe. Na hiki hapa katikati, mwalimu, uliimba na nani?"

"Peke yangu."

Imran akachomeka maiki, akarekodi palepale dukani. Zikasikika pikipiki za nje na kikohozi chake, hakuna kingine. Akambadilishia maiki nyingine bila kudai chochote. Alipokuwa akimfungia alisema kwa sauti ya chini, "Hamisha chumba, mwalimu. Imba hata sebuleni, na kelele zake. Tafadhali."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Lakini hakuhamisha. Jambo hili alikuja kulieleza baadaye kwa aibu, akiangalia chini: tangu Consolata aondoke, ilikuwa mara ya kwanza mtu kumjibu ndani ya nyumba ile.

Kwa siku kumi aliimba kila mchana. Alivaa kitenge kizuri kabla ya kuingia stoo. Alitoa nyimbo za daftari la kwanza, kisha la pili, na kila alipoacha nafasi, nafasi ilijazwa. Stoo ikaanza kunuka ubani uliozimwa kwa maji, harufu nzito ya unyevu iliyobaki kwenye nywele hadi asubuhi. Halafu viitikio vikaanza kubadilika. Alipoimba *nani atanipokea mzigo*, mwitikiaji hakuimba maneno ya daftari. Aliimba, *mimi tu, wengine hawaji.*

Siku ya kumi na moja alikuwa jikoni akichagua mchele, hana hedifoni, simu imezimwa.

"Rosalia."

"Abee," akaitika, kama alivyofunzwa na mama yake, kabla hajafikiri.

Kutoka stoo hakukusikika neno jingine. Ulisikika mlango tu, ukijifunga taratibu.

Kesho yake sauti ilianza kumkauka. Alijitengenezea tangawizi, akanywa asali. Siku ya nne hakuweza kumsalimia mpita njia. Na simu, ambayo haikuwa ikilia sana, ikanyamaza kabisa. Jumapili Anjelina hakupiga. Consolata hakupiga. Jirani aliyekuwa akimletea samaki alipita barabarani bila kugeuza shingo. Mwalimu alikaa barazani akaangalia watu wakipita, mmoja baada ya mwingine, na wote walikuwa kama watu wanaopita mbele ya nyumba isiyokaliwa. Stoo hakuingia tena. Lakini mchana ulipofika alisikia kupitia ukutani mtu akiimba nyimbo zake za daftari la tatu, ambazo hakuwa amezirekodi, na sauti iliyoimba ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Anjelina alifika Jumatano kwa basi la asubuhi kutoka Mtama, mkoba kwapani, amekunja uso. Alipomwona dada yake mlangoni, amekonda, midomo imekauka, akaangusha mkoba.

"Dada! Wewe si umeniambia uko safarini?"

Mwalimu akatikisa kichwa.

"Jumapili tumeongea saa nzima. Unacheka, una raha, unasema unakwenda Dodoma kwa Consolata na nisije mpaka uniite. Na Consolata naye ameniambia umempigia, umemwambia uko kwangu Mtama."

Rosalia alifungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo tu. Akachukua kalamu akaandika: *Sijampigia mtu. Ulijuaje uje?*

Anjelina akaketi chini kwenye sakafu. "Kwa sababu uliniita dada," akanong'ona. "Tangu nizaliwe hujaniita dada. Mimi ndiye mdogo."

Imran ndiye aliyewaelekeza kwa Bi Shamimu, mwanamke wa makamo aliyekuwa akifanyia watu kisomo palepale Mitwero. Alikuja na chetezo, ubani na msahafu uliofungwa kwenye kitambaa cheupe, akapewa maji, akasikiliza habari yote bila kumkatiza mtu. Kisha akasema, "Nyumba hii haina tatizo. Mwalimu ndiye aliyeita. Ameita kwenye chumba chenye giza, wakati jua liko utosini, kisha akanyamaza kusubiri. Mwenye kusikia akasikia. Hicho chombo mnacho?"

Wakaingia stoo wote watatu. Bi Shamimu alisoma muda mrefu, kisha akaomba simu iwashwe na maiki isimamishwe mezani. Akaiinamia, akauliza kama anavyomuuliza mgeni aliyeketi, na baada ya kila swali aliacha nafasi.

"Wewe nani?"

Kimya.

"Umeingiaje kwa huyu mama?"

Kimya.

"Unataka nini ili utoke?"

Kimya. Masikio yao hayakusikia hata panya. Anjelina akabonyeza kama dada yake alivyomwonyesha, rekodi ikarudi mwanzo, na sauti ya Mwalimu Rosalia, safi, ya ujana, ikawajibu kutoka kwenye kile kisimu.

"Mwitikiaji."

"Kaniita. Nami nikamwita, akaitika."

"Sauti hii hana kazi nayo. Hakuna anayempigia."

Mwalimu alilia bila sauti. Bi Shamimu akamshika bega. "Sikiliza, mwalimu. Mimi nitasoma mlangoni, lakini fundo hili alilifunga kwa kuitika kwako, na litafunguka kwa kutoitika kwako. Utakaa humu peke yako mpaka adhana ya alasiri. Atakuita. Usiitike, hata kwa kuguna. Ukiitika mara ya pili, mimi sina la kufanya."

Wakamfungia. Mwalimu akakaa kwenye kiti chake, gizani, kati ya mablanketi, viganja vyote viwili mdomoni, akisikia kisomo cha Bi Shamimu nje ya mlango.

Kwanza aliitwa na Anjelina, akilia kwamba jiko limeshika moto. Akanyamaza. Akaitwa na Consolata, Consolata wa miaka sita, mwenye homa, aliyekuwa akiita *mama, maji* usiku kucha mwaka ule wa surua, na mwalimu akauma kiganja chake mpaka akaonja chumvi ya damu, akanyamaza. Kisha harufu ya ubani uliolowa ikapanda kutoka sakafuni ikamjaa puani, blanketi la nyuma yake likaanza kusogea taratibu kama linavyosogea shuka la mtu anayepumua usingizini, na karibu kabisa na sikio lake la kushoto sauti yake mwenyewe ikaanza kuimba wimbo ule wa kwanza, vizuri kuliko alivyowahi kuuimba siku zote za maisha yake, *nani yupo uani*, ikanyamaza, ikaacha nafasi, na ile nafasi ilikuwa pana, na tulivu, na ndani yake yeye alijua kwamba akisema neno moja tu la kiitikio hatakaa tena barazani peke yake akiangalia watu wakipita, hatapika tena chakula cha mtu mmoja, hatausikiliza tena usiku, kwa kuwa atakuwa upande ule wanakoimba wengi. Na sauti ikauliza tena, kwa upole zaidi, *nani yupo uani*, ikasubiri, naye machozi yakimchuruzika kati ya vidole akabaki ameziba kinywa chake, na ikauliza tena, na tena, na kila mara ikasubiri.

Adhana ya alasiri ikasikika kwa mbali.

Blanketi likatulia. Harufu ikakatika. Bi Shamimu alipofungua mlango, mwalimu alijaribu kusema "Asante," na neno likatoka, bovu, lenye mikwaruzo, lakini lake. Siku ileile Anjelina alimrudishia Imran maiki na hedifoni. Rekodi zote zikafutwa. Stoo ikarudishiwa mahindi.

Anjelina alikaa wiki tatu, kisha biashara ikamwita Mtama. Mwalimu akamwambia aende, yeye amepona. Na kweli alikuwa amepona, isipokuwa hakuweza tena kumwitikia mtu asiyemwona uso. Simu ilipolia aliiangalia mpaka ikachoka. Jirani akiita kutoka uani, alitoka kwanza nje akamtazama, ndipo akajibu.

Kwa hiyo siku Consolata alipopata ruhusa kazini akasafiri kutoka Dodoma bila kutoa taarifa, mwalimu alikuwa jikoni, mchana, na alisikia mlango wa mbele ukigongwa.

"Hodi! Mama! Ni mimi!"

Akaacha kisu juu ya kitunguu, akaweka viganja mdomoni.

"Mama, hodi!"

Hakuitika. Alisimama palepale mpaka hatua zikazunguka nyumba na uso wa mwanawe ukatokea dirishani, una vumbi la safari, kilemba kimekaa upande, jasho linamtoka. Uso wa kweli. Mwalimu alikimbia kufungua mlango wa uani, wakakumbatiana, wakalia, Consolata akiomba radhi kwa miezi yote aliyokuwa hapigi simu.

"Nisamehe wewe, mwanangu," mwalimu akasema, akimfuta vumbi usoni. "Nilikuacha juani, sikuitika. Nitakueleza sababu."

Consolata akamtazama, kama mtu asiyeelewa utani.

"Mbona umeniitika, mama? Mara zote mbili. Umesema karibu, mlango haujafungwa, niingie moja kwa moja mpaka stoo. Mlango ndio umegoma, nikazunguka."