Mechi ya Kina Mama wa West Side

Kila Jumamosi Kamikazi alipiga deki ukumbi wa kanisa lao la West Side, mjini Buffalo, Marekani, huku mawazo yakiwa mbali. Leo yalikuwa Uingereza, zaidi ya miaka mia iliyopita. Mwalimu wa historia alikuwa amewaonyesha darasani picha ya wanawake wa viwandani waliocheza mpira wakati wa vita ili kuchangia askari majeruhi. Basi, msichana huyu wa miaka kumi na miwili akawa haoni ndoo wala tambara. Anaona kofia za kazi, ukungu, na mpira mzito wa ngozi ukielea taratibu.

Lakini ndoto hizo zilishamponza. Nyumba ya jirani yao Joselyne, aliyemwita tantine, yaani shangazi, iliungua, akawa analala humo ukumbini na watoto wake wanne, na baridi ndiyo hiyo inaingia. Vijana wa kanisa walipanga mechi ya kumchangia, Kamikazi akapewa kazi ya kuandika tangazo. Akaandika: “Kina mama wa Louisville dhidi ya kina mama wa Columbus!” Timu zenyewe wapi! Alizitunga tu, zikampendeza. Tiketi ziliisha zote, na mechi ilikuwa alasiri hiyo.

“Kami, wageni wanafika saa ngapi?” Joselyne aliuliza, akikunja blanketi. “Watoto wanawangoja kweli.”

Kamikazi aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Alitimua mbio hadi nyumbani. Mama yake, Nzigire, alikuwa ametoka zamu ghalani, hata buti hajavua.

“Mama, nimedanganya watu,” akasema, akamweleza yote.

“Yesu wangu!” Nzigire alishika kichwa. “Bon, haya. Utawaambia mwenyewe, kwa kinywa chako.”

Alasiri Kamikazi alisimama uwanjani mbele ya umati. “Hizo timu nilizitunga mimi. Anayetaka pesa zake atarudishiwa.”

Watu wakaguna. Wawili walichukua pesa zao wakaondoka.

“Mimi nacheza!” Nzigire akapaza sauti, akakaza kitenge kiunoni. Kina mama wenzake wa ghalani wakamfuata, na buti zao za kazi. Weh! Nzigire alijifunga bao mwenyewe, watu wakacheka hadi machozi. Theluji nyepesi ilianza kudondoka, na Kamikazi akatamani mechi isiishe.

Jioni mchungaji alitangaza kwamba vitanda na makoti yatanunuliwa. Joselyne akamvuta Kamikazi pembeni.

“Ulinitakia mema, mwanangu, asante. Lakini ukiomba watu kwa ajili yangu, waambie kweli. Nyumba yangu imeungua. Nimebaki na jina langu tu, lisichafuliwe kwa uongo.”

“Nisamehe, tantine,” Kamikazi alisema, akalia.