Tangi la Kadibodi

Kila nikitoka shule, navua sare, nakunywa maji na kukimbilia karakana ya shangazi yangu, kando ya gati. Shangazi ni fundi wa kuchomelea. Kazi yangu ni kupima na kuandika, ndiyo maana ananiita Kalamu, kwani penseli haibanduki sikioni mwangu.

Wiki ile tulikuwa na kazi ya Nahodha, mzee mstaafu anayeishi ndani ya boti yake ya injini. Tangi la dizeli lilikuwa limeliwa na kutu, na harufu ilifika mpaka kitandani mwake. Mafundi wawili walimwambia lazima sitaha ikatwe na injini ing'olewe ndipo tangi litoke. Kwa gharama hiyo angelazimika kuiuza boti, na boti ndiyo nyumba yake.

Shangazi alitambaa hadi chumba cha injini, akakaa humo karibu saa nzima, akatoka mweusi tii.

"Sitaha haiguswi," alisema. "Tangi bovu tutalitoa vipande vipande. Tutaweka matatu madogo yanayopita kwenye kilango hiki hiki nilichotokea, tuyaunganishe kwa mabomba ya mpira."

"Fundi, hunitanii?"

"Nikikutania utajua, Nahodha. Huwa nacheka kwanza."

Nilivimba kichwa kana kwamba wazo lilikuwa langu. Shangazi alimwaga mafuta yaliyobaki tangini, akaliosha, akalikata kwa msumeno wa mkono, maana cheche na mafuta haviivi chungu kimoja. Kisha akanituma nitengeneze tangi la kadibodi na kulipitisha kilangoni. Likipita hilo, na la alumini litapita.

Rafiki zangu walikuwa wakiningoja nje na mpira. Tangi langu likakwama. Nikalisukuma kwa goti, likajikunja kidogo, likapita.

"Limepita," nilimwambia shangazi, nikatimua mbio.

Asubuhi yake, Jumamosi, nilimkuta amevaa miwani, mashine ya kukatia mkononi. Bamba la alumini lilikuwa moja tu, na Nahodha aliuza redio yake ili alipate. Tayari lilikuwa limechorwa kwa vipimo vyangu.

"Shangazi, ngoja. Jana halikupita. Nililisukuma kwa goti."

Alizima mashine. Hakunifokea, na hilo liliniumiza kuliko kufokewa.

"Lilikwama wapi?"

"Kona ya juu, kushoto. Kama vidole viwili."

"Haya, chukua futi. Twende tukapime."

Tulipima mara tatu, tukachora upya. Jumanne tangi la kwanza lilipita kilangoni, likabakiza nafasi ya kidole kimoja, na mengine mawili yakafuata. Nahodha aliwasha injini, akainama kunusa kila kiungo. Hakukuwa na harufu wala tone. Alifuta macho bila kuficha.

"Fundi, mikono yako ibarikiwe," alisema. "Umeniachia nyumba yangu."

"Shukrani nyingine mpe Kalamu. Bila yeye bamba lako lingeharibika."

"Kwani si yeye aliyekosea vipimo?"

"Ndiye. Kukosea tunakosea sote, hata mimi." Shangazi alinigeukia. "Kadibodi unaweza kuilazimisha, mwanangu. Alumini haitakubali. Ulisema ukweli kabla sijakata, kwa hiyo nitaendelea kukuamini. Ila siku nyingine uniambie jioni ile ile, mpira utakungoja."

Tangi lile la kadibodi liko juu ya kabati langu hadi leo, na alama ya goti langu bado inaonekana.