Nyama Aliyoikataa Nekoye

Kila Jumamosi Nekoye alichuma kahawa pamoja na baba yake, Wamalwa, katika shamba la mzungu karibu na Ruiru. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mikono myepesi, na debe lake lilijaa kabla jua halijawa kali. Jumamosi moja ya mwaka 1957, nyapara Gerishon alimwamuru apeleke debe stoo. Akamfuata, akafunga mlango, akamtendea uovu ambao mtoto hapaswi kutendewa na mtu yeyote. Jirani yao, Mzee Philip, alimwona akitoka mbio akilia.

Jioni Nekoye alimweleza baba yake yote. Wamalwa aliwaka kwa hasira. Lakini Gerishon ndiye aliyegawa kazi na vyumba, na wazee wa kambi ya wafanyakazi wakashauri mambo yamalizwe nyumbani. Jumapili nyapara akaleta mbuzi, wakamchinja. Kwa desturi ya kambi ile, aliyeonja nyama ya namna hiyo hafungui tena kinywa juu ya shauri lenyewe. Wamalwa, masikini, alidhani anaokoa heshima ya binti yake. Alikula pamoja na Mzee Philip na wengine, kisha akamsogezea Nekoye sahani.

"Kula, mwanangu, yaishe."

"Kwangu hayajaisha, Baba," Nekoye alisema, akaisukuma sahani.

Jumatatu, shuleni, alimwambia Mwalimu Waithira. Mwalimu hakumwuliza alifuata nini stoo. Alimshika mkono, wakaenda kituo cha polisi Thika.

"Sheria inakataza kabisa jambo hili," askari alisema. "Lakini neno la mtoto peke yake halitasimama kortini. Nani mwingine aliona?"

Mzee Philip aliitwa. Alisimama akiikunjakunja kofia yake.

"Afande, mimi sikuona kitu. Na hayo si yalishakwisha?"

Wamalwa alipoulizwa, machozi yalimtoka, lakini neno halikutoka. Askari akafunga faili.

"Mwalimu, nilikosea kusema?" Nekoye aliuliza njiani.

"Hata kidogo. Kosa ni la Gerishon, kisha letu sisi watu wazima. Sheria huona kwa macho ya shahidi, na wale wameyafumba yao kwa kipande cha nyama. Ukitendewa uovu, sema. Asipokusikia mmoja, mwambie mwingine. Anayekuambia unyamaze hakulindi."

"Sasa atafungwa lini?"

"Sijui, na sitakudanganya," Mwalimu Waithira alisema.

Jumamosi Gerishon alikuwa palepale. Alimwita Benta, mtoto wa miaka kumi, apeleke debe lake stoo. Nekoye alitua lake chini, akamshika Benta mkono, akasimama naye mlangoni pa stoo.

"Wewe, rudi kwenye mstari!" Gerishon alifoka.

Wachumaji waliinua vichwa, kisha wakainama tena, Wamalwa akiwa mmoja wao. Moyo wa Nekoye ulimuuma kuliko siku zote, lakini hakuondoka.

"Usiogope, Benta," alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Shahidi unaye. Mimi nyama ile sikula."