Nilimwitia Mwizi Shemeji Yangu kwa Sababu ya Nati ya Oili

Nina miaka arobaini na mbili, dereva wa teksi, baba wa watoto watatu, mkazi wa Tandika. Mkiniona msikitini safu ya mbele mtanidhania mtu wa maana. Wasomaji wenzangu, mimi si mtu wa maana. Nimemlemaza mume wa mdogo wangu, tena kwa mdomo wangu mwenyewe!

Shemeji yangu, nitamwita Saidi, ni fundi magari. Alimuoa mdogo wangu Mwanaidi miaka tisa iliyopita, na tangu hapo gari yangu haikuguswa na fundi mwingine. Dar mnaijua. Ukimpata fundi ambaye hakubadilishii kifaa kizima akakuwekea kibovu, unamng'ang'ania.

Siku moja niliona matone ya oili pale ninapolaza gari. Yalitoka kwenye nati ya chini ya injini, ile inayofunguliwa ili kumwaga oili chafu. Saidi alikuwa kwao Lindi, amefiwa na shangazi yake. Ningemsubiri siku mbili ningepungukiwa nini? Lakini mimi na ujuaji wangu... Nikaingia chini ya gari na spana, nikaiongezea bomba la chuma ili nipate nguvu, nikakaza. Nikakaza tena. Ghafla nati ikawa inazunguka tu, haishiki. Nilikuwa nimeua nyuzi za tundu lake!

Saidi aliporudi nilimpelekea gari na uso mkavu. Akaifungua nati, akaiangalia, akaniuliza nani ameigusa. Nikaapa kwamba hakuna. Kila siku nilikuwa namtania kuwa kazi yake hata mimi naiweza, sasa ningemwambia nini?

Alibadilisha washa, ile pete nyembamba ya kuzuia uvujaji, akaifunga nati taratibu, bado oili ikavuja. Akanieleza kuwa hapo hakuna ujanja: chombo chote cha chini kinachobeba oili kifunguliwe, kipelekwe kwa wenye mashine, kikachongwe nyuzi mpya. Akaniomba niiache gari hadi kesho yake. Nilikataa. Nyumbani nikaitoa nati, nikaizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, nikapaka na gundi, nikaikaza kwa lile bomba langu.

Asubuhi iliyofuata, nikiwa Kimara na abiria, taa nyekundu ya oili iliwaka. Nikajiambia nitafika tu... Injini ikagonga, ikagonga, ikazima. Nilipotazama nyuma, lami ilikuwa nyeusi kwa oili. Abiria akashuka, akaenda zake. Nikampigia Saidi.

Alikuja na bodaboda, begi la spana begani. Akalala chini ya gari, akatoka na kipande cha tepu nyeupe kati ya vidole. Vijana wa kijiweni walikuwa wamesogea kutazama. Saidi akasema kwa sauti ya chini, “Shem, hii tepu sijaifunga mie. Injini umeiua mwenyewe. We sema tu ukweli, tujue tunaanzia wapi.”

Kijana mmoja akacheka. Kicheko kile kilinipanda kichwani! Nilishika spana ya magurudumu, nikampiga Saidi begani. Akajikunja. Nikampiga ya pili mdomoni, jino likaruka. Hakunirudishia. Aliokota begi lake, akaanza kuondoka haraka huku damu ikimtiririka kifuani.

Ningemwacha aende! Lakini ananiacha na gari iliyokufa, mbele za watu, mimi ndiye mjinga? Nikafungua mdomo wangu huu nikapiga kelele, “Mwizi! Huyo mwizi, kaniibia vifaa!”

Ndugu zangu, mnajua neno hilo linafanya nini mjini kwetu. Mtu anayekimbia, ana damu, ana begi la spana... nani angeuliza swali? Walimwangusha kabla hajavuka barabara. Walimpiga kwa mawe, kwa fimbo, kwa matofali. Mtu mmoja aliuchukua mkono wake wa kulia, akaulaza kwenye ukingo wa mtaro, akaukanyaga hadi ukavunjika. Mtu mwingine akaja kuichukua spana mkononi mwangu, nami nikamwachia. Saidi aliniita kwa jina. Nilimsikia vizuri kabisa, na nilinyamaza!

Walipoleta tairi bovu na chupa ya petroli ndipo sauti yangu ikarudi. Nililia kuwa ni shemeji yangu, nikamlalia. Walinipiga na mimi hadi askari walipofika.

Saidi hakufa. Mkono wa kulia hauwezi kushika hata kijiko, sikio moja halisikii, na kifafa kinamwangusha mara kwa mara. Nilimwambia Mwanaidi kuwa watu walimfananisha na mwizi. Akanikumbatia, akanishukuru kwa kumwokoa mumewe. Nilishukuriwa, jamani!

Polisi walipomuuliza Saidi nani alianza kupiga kelele, alijibu kuwa hakuitambua sauti. Siku moja tukiwa wawili tu nilimuuliza kwa nini ananifichia siri. Akanijibu polepole, maana na maneno siku hizi yanamsumbua, “Mwanaidi hana ndugu mwingine. Mume kashamharibikia. Na kaka naye nimnyang'anye?”

Nilishindwa kubeba. Wiki iliyopita nilimwita Mwanaidi uani, nikamweleza yote tangu lile bomba la chuma. Alinipiga makofi usoni mpaka mikono ikamchoka. Sikujikinga. Nilimwambia nakwenda kituoni kujisalimisha.

“Hutoenda popote,” akasema. “Jumanne utakuja kumpeleka kliniki kama kawaida. Yule anadhani ananisitiri. Usimwambie kama najua.”

Wasomaji wenzangu, ukiharibu kitu sema umeharibu. Aibu ya kuchekwa na vijana wa barabarani ingekwisha siku ileile. Na nawasihi, kwa jina la Mungu, neno mwizi msilitamke kwa hasira, hata kwa mtu aliyewakosea kweli. Likishatoka si lako tena, na anayepigwa hana wa kumsikiliza.

Leo ni Jumanne. Nimekwenda. Mwanaidi amenifungulia mlango, akaniita kaka kwa sauti ya kutosha mumewe asikie, kisha akaniangalia... na Saidi, kitandani, akatabasamu.