Jumamosi ya Wantam

Vumbi la mwezi wa nane lilikuwa limetanda sokoni, katika mtaa wa Kenya mjini Lubumbashi. Mukuka alikuwa ametoka kazini, shati jeupe limelowa jasho, anatafuta betri za redio yake ndogo, aliposikia mtu anamcheka.

"Njo weye wa redio? Bwana Wantam!"

Aliyecheka ni Angélique, binti wa Mzee Mbuyi, muuza vitenge. Alivaa liputa la kijani, kitenge cha kujifunga, na viatu alikuwa amevivua nusu kwa uchovu. Jana yake Mukuka alisoma redioni habari za Nairobi, akatangaza kwamba vijana wanaandamana wakimtaja kiongozi mmoja aitwaye Wantam.

"Haiko muntu," Angélique akasema. "Miye nilikaa Nairobi myaka mbili. Banasema mukubwa atawale muhula moja tu, kiisha arudi kwake. Njo wantam."

"Na karao, ni neno gani?"

"Polisi. Haukuyua? Na unasomeaka bantu habari!"

Ndivyo yalivyoanza. Kila jioni, muda mfupi kabla ya habari za saa kumi na mbili, Mukuka alimpigia Angélique simu. Maneno ya Nairobi aliyaandika kwenye daftari. Mengine hayakuwa ya daftari.

"Chérie, leo hakuna neno mupya."

"Sasa unaniitia nini?"

"Nikusikie tu."

"Minachoka, Mukuka. Miguu yote inaniuma. Basi, ongea."

Walipendana bila makelele, kama watu wanaotoka kazini wote wawili. Mwishowe Mukuka akaahidi kwenda Jumamosi kujitambulisha kwa Mzee Mbuyi, pamoja na tonton wake, yaani mjomba wake, maana kijana hajisemei mwenyewe kwa wakwe.

Jumamosi hiyo tonton alifika wa kwanza, ndani ya suti yake ya kahawia. Bukari, ugali wa huko, ilikuwa mezani, kuku naye, na shangazi watatu wamejipamba. Wakangoja. Saa kumi na mbili Mzee Mbuyi, ambaye hajakosa habari tangu aache ualimu, akafungua redio, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Mukuka.

Nairobi kulikuwa kumechafuka, mkurugenzi wa redio amemzuia studio, na simu yake ilikuwa imezimwa kama ilivyo sheria ya studio. Na alisoma vizuri, maskini! Kila neno gumu lilikuwa limetoka kinywani mwa Angélique. Tonton alichukua kofia yake, akaondoka bila kugusa chakula.

Habari zilipokwisha, Mukuka akapiga simu.

"Chérie, pardon. Directeur alinikataza kutoka."

"Ulimuambia hapana?"

Mukuka akatazama mlango wa mkurugenzi.

"Nilipika tangu asubui. Batantine bote banakusikia mu redio. Vraiment, minachoka. Kwetu pia ni wantam, urudi kwako."

Akakata. Neno hilo halikuhitaji daftari, na lilimuuma Mukuka kuliko tusi.

Wiki mbili zikapita. Tonton aliapa kwamba hatakanyaga tena kwa Mzee Mbuyi. Ndipo jioni moja, mzee alipofungua redio, ikatoka sauti ngeni inayojikwaa. Wakati huohuo mlango ukabishwa. Angélique akafungua, akamkuta Mukuka peke yake, shati limepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi.

"Ni saa ya habari hii," akamwambia. "Nani anasoma?"

"Djo, mwenzangu wa studio."

"Anasoma mubaya."

"Nayua. Leo nilisema hapana."

Angélique alikuwa bado anampenda, na hakuwa na nguvu za kujidanganya. Lakini mlango ule haukuwa wake. Mtu aliyemwaibisha mjomba wake mbele ya meza ya baba yake hana kiti humo ndani mpaka baba aseme. Akamtazama baba.

Mzee Mbuyi alipunguza sauti ya redio.

"Umekuya peke? Nani anakusemea?"

"Hakuna, papa. Tonton anakataa. Alipata haya juu yangu."

"Na kazi?"

"Sijui kama nitaikuta kesho."

Redioni Djo alifika kwenye neno gumu, akaliruka, na wote watatu walisikia.

"Kwenda, upigie tonton yako magoti," mzee akasema. "Jumamosi umulete weye mwenyewe, umushike mukono." Kisha akamgeukia binti yake. "Ile wantam ni ya bantu ba Nairobi. Miye niko wa hapa, na hapa muntu anapataka mara ya pili."

Angélique akavuta kiti, akakifuta vumbi kwa pindo la liputa lake.

"Ikala kwanza," akamwambia Mukuka. "Na weye unachoka."