Siku Arobaini Bila Mgonjwa

Kengele ya asubuhi ilipolia, Kudra alikuwa ameshatandika kitanda, ameshafagia, na ameshachungulia dirishani mara tatu. Binti huyu wa Kang'ata, Handeni, hakujua kutulia. Hata uji aliunywa amesimama.

"Leo ya thelathini na sita!" alitangaza. "Zimebaki nne tu, jamani. Nne!"

Hapo ni katika chuo kimoja cha ualimu cha wasichana karibu na Korogwe, zama za Mwingereza. Muhula ule Mwalimu Efrazia, aliyefundisha somo la afya, aliagiza kila bweni lijiwekee lengo la afya la siku arobaini. Watakaotimiza lengo lao watapanda gari la moshi kwenda kutembea Tanga. Bweni la kwanza lilichagua kufukia madimbwi yote. La pili likachagua kuchemsha maji ya kunywa kila siku. Kudra, kiongozi wa bweni la tatu, aliyaona hayo madogo mno.

"Sisi," alisema kwa kishindo, "siku arobaini hatutapeleka mgonjwa hata mmoja zahanati!"

Wenzake wakapiga vigelegele. Mwalimu Efrazia alisita kidogo, lakini akaandika.

Jamani, lengo gani hilo? Wenzake wamechagua kazi ya kufanya, yeye kachagua jambo lisilokuwa mikononi mwake. Mbu haombi ruhusa kwa kiongozi wa bweni! Lakini Kudra hajawahi kupanda gari la moshi tangu azaliwe, na kila lilipopita likipiga honi, moyo wake ulikimbia nalo.

Asubuhi ile alimkuta Elina bado amejifunika. Elina alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, Msambaa wa kule Bumbuli, na utani wao haukuisha.

"Amka wewe! Ninyi watu wa mlimani mkishuka huku nyika mnalegea kama ndizi mbivu."

Siku nyingine Elina angemjibu kwamba Wazigua wa Handeni wana maneno mengi kuliko mahindi. Leo alizidi kujikunyata tu. Kudra alipomgusa shingo, mkono aliuondoa upesi. Msichana alikuwa anawaka moto, na huku meno yanagongana kwa baridi.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi," Elina alinong'ona. "Nilikuona unavyohesabu siku, nikanyamaza."

Kudra alizunguka kitanda mara mbili. Alijua vizuri kwamba homa ya nyika haina mzaha na watu wa mlimani, kwa kuwa miili yao haijaizoea. Alijua! Lakini siku nne tu! Akakimbia nje, akachuma majani ya mwarobaini, akayachemsha jikoni na kumnywesha mwenzake kikombe kizima.

"Jikaze, dada yangu. Siku nne si nyingi."

Mara Mama Filomena, muuguzi wa chuo, akaingia kwa ukaguzi wa kila asubuhi. Wasichana wote walisimama mbele ya vitanda vyao. Elina naye alisimama, mkono mmoja ameshika kitanda kwa siri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kiongozi, kuna mgonjwa?"

"Hakuna, Mama. Sote wazima."

Mama Filomena aliwatazama, akatoka. Uwongo ulikuwa umepita, lakini roho ya Kudra haikutulia. Darasani aliandika mstari akaufuta, akaandika tena akaufuta. Kila mara aligeuka kumtazama Elina, aliyekuwa amelaza kichwa juu ya dawati.

Saa nne walikwenda shamba la chuo kupalilia mahindi. Elina alipiga jembe mara mbili, tatu, kisha akaliachia. Akaanza kuongea Kishambaa kwa sauti kubwa, akimwita mama yake afunge mlango, baridi inaingia. Mlango uko wapi shambani? Na mama yake yuko Bumbuli! Kisha akaanguka katikati ya tuta.

"Elina! Elina, ni mimi Kudra!"

Elina alimtazama kama mtu asiyemfahamu. Hapo Kudra alishikwa na hofu ambayo hakupata kuijua. Safari ya Tanga ilimtoka kichwani yote. Alichuchumaa, akambeba mgongoni, akakimbia kuelekea zahanati huku analia na kupiga kelele, "Mama Filomena! Nilisema uwongo! Mgonjwa yupo!"

Muuguzi hakupoteza muda kugomba. Alimlaza Elina, akamchoma sindano ya kwinini, akamkanda kwa maji. Alipomaliza ndipo akamgeukia Kudra.

"Amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu juzi, Mama. Leo nimemficha mimi."

"Sijui kama tumewahi," alisema Mama Filomena. "Omba Mungu."

Siku mbili Kudra hakula wala hakukaa. Alitembea kutoka darasani hadi dirisha la zahanati, kutoka dirishani hadi darasani. Siku ya tatu Elina alifumbua macho, akasema kwa sauti nyembamba, "Mzigua, mbona umekonda hivyo?" Kudra akacheka na kulia kwa pamoja.

Mabweni mawili yalikwenda Tanga. Bweni la tatu lilibaki, na Jumatatu Mwalimu Efrazia alimsimamisha Kudra mbele ya chuo kizima ataje lengo jipya.

"Mimi nilichagua vibaya," alisema. "Lengo langu liliwafundisha wenzangu kuficha, na Elina nusura afe. Lengo letu sasa ni kulala ndani ya chandarua kila siku, na anayejisikia vibaya aende zahanati siku ile ile."

Kisha katika safu ya bweni la tatu Mwatumu akanyoosha mkono. "Mimi nina kidonda mguuni, Mwalimu. Wiki ya tatu sasa." Grasiana naye akanyoosha. "Na mimi nakohoa. Nilikuwa nakoholea ndani ya mto."

Kudra alishika kichwa. Alidhani amemficha mmoja tu!

Mwalimu Efrazia alimtazama muuguzi aliyeketi kando yake. "Hata mimi nina kosa, maana lengo hilo nililiandika kwa mkono wangu. Mama Filomena, waambie."

Muuguzi alisimama. "Wanangu, mficha maradhi, kilio humfichua. Ninyi kesho mtakuwa walimu, watoto wa watu watawatazama ninyi. Lengo la afya ni kazi unayoifanya kila siku, si sifa unayotaka kuisikia. Leo bweni la tatu lina wagonjwa watatu, nami ni mara ya kwanza muhula huu naliona lina afya. Mwatumu, Grasiana, twendeni."

Wasichana wawili walitoka mstarini, na Kudra akaenda nao, amewashika mikono, mmoja huku, mwingine kule.